Kutu Chini ya Bashi

Mimi ndiye ninayechunga pipa la kutu kwenye jiko la shule moja ya bweni, hapa Kasongo. Chakula cha wanafunzi kinapikwa kwa gesi inayotoka kwenye shimo la saruji, ambamo tunatia mavi ya ng'ombe na maganda ya muhogo. Gesi hiyo ikija jikoni moja kwa moja inanuka yai lililooza, inawasha macho na kula chuma cha majiko. Kwa hiyo fundi aliyejenga shimo aliweka pipa katikati ya bomba. Ndani yake mna makapi ya mpunga yaliyochanganywa na kutu tuliyokwangua kwenye vyuma vya mafundi wa pikipiki. Kutu inashika ule uchafu, gesi safi inapita.

Mpishi ni mama mkubwa wangu, dada ya mama. Kifua chake ni kibovu tangu miaka ya kupikia kuni. Fundi, kabla ya kurudi kwao, alinivuta pembeni.

"Gesi hii isipochujwa, ikiwa kidogo inanuka," aliniambia. "Ikizidi hainuki tena. Pua inakufa kwanza."

Tangu siku ile sikuwa na raha. Kila asubuhi nilisimama mlangoni mwa jiko nikinusa. Nikipata harufu niliogopa, nisipoipata niliogopa zaidi. Ningemwuliza mama mkubwa kama yeye anasikia chochote, lakini maneno hunigandia mdomoni hata mbele yake.

"Unatafuta nini kwa mulango kila siku?" alikuwa akisema. "Nyama haiko!" Wasichana wanaomsaidia walicheka, nami nikaondoka.

Kutu ikichoka inageuka nyeusi. Hapo ninafunga gesi, ninaitoa kutu kwenye pipa na kuitandaza nyuma ya jiko, nyembamba, ninainyunyizia maji na kuigeuza. Hewa ikiigusa inarudi kuwa nyekundu, na kwenye makapi unabaki unga wa manjano. Huo ndio sufre, yaani salfa, ule uchafu uliotolewa kwenye gesi. Fundi alinikataza kuirundika kutu hiyo, alisema ikirudi nyekundu inatoa joto, na ikiwa rundo inapata moto yenyewe. Nilimwitikia ndiyo, lakini sikuelewa jinsi kitu chenye maji kinavyoweza kuwaka, na kuuliza sikuuliza.

Siku moja nilikuwa nimeitandaza tangu saa nne asubuhi. Mchana mawingu yakafunga ghafla upande wa mto Lualaba. Nyumbani tunalima mpunga, na mikono yangu tangu utoto inajua kwamba mvua ikija unakusanya na kufunika. Makapi yale yalikuwa yakifanana na mpunga uliotandazwa. Sikufikiri. Niliyakokota yote kwa koleo mpaka kwenye ukuta wa depo, ghala la unga, chini ya nyasi za paa, nikafunika rundo kwa bashi, turubai la plastiki, na kuweka mawe pembeni. Hata nilijisifu kwamba nimewahi.

Mvua ikapiga. Nikiwa jikoni niliona mvuke ukitoka chini ya bashi. Kisha ikaja harufu ya kiberiti kilichowashwa, kali, ikanikata koo. Ndipo maneno ya fundi yaliponirudia. Na mama mkubwa alikuwa ndani ya depo, amelala juu ya magunia kama kila mchana, kwenye ukuta ule ule.

Nilikimbia mpaka mlangoni, hapo nikasimama. Mlango wa mama mzima aliyelala hausukumwi.

"Hodi," nilisema.

Mvua ikaimeza sauti yangu. Nikasema tena hodi, polepole vile vile. Ndani akakohoa, kikohozi kirefu kisichokatika. Nikausukuma mlango kwa bega.

"Mama mukubwa, toka! Kutu inawaka!"

Moshi ulikuwa umeshapita kwenye nyufa za ukuta wa udongo. Nilimshika mkono nikamvuta hadi kwenye mvua. Nilipofunua bashi, moto mdogo wa buluu ulikuwa ukitambaa juu ya makapi. Tuliutupia matope na ndoo za maji, mimi na wasichana, mpaka ukafa.

Direkta, mkuu wa shule, alikuja na mwavuli. "Nani aliweka hivi vitu hapa?"

"Ni mvua, Direkta," mama mkubwa alijibu kabla yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Nilifanya kama mupunga."

Mama mkubwa alinitazama, macho yanamtoka machozi ya moshi. "Papa, mutoto wangu, kumbe uko na sauti! Na ulikuwa unanipigia hodi kama mugeni!" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Alikohoa siku nne. Nilizihesabu nikiwa nje ya dirisha lake.

Sasa nina kibanda cha mabati kisicho na kuta, mbali na majengo. Mvua ikinyesha ninaiacha kutu imetandazwa, ninaipapasa kwa kiganja kila mara kama mtoto mwenye homa. Mama mkubwa anapumzikia barazani kwa darasa la kwanza, pamoja na kelele zote za watoto. Kwenye depo hajalala tena. Anasema ni kwa sababu ya panya. Sijamwuliza zaidi.