Pembetatu Juu ya Mfa Maji

Wiki mbili nzima nilichoona ni pembetatu. Mimi ni mwalimu wa sanaa, na nilikuwa naandaa somo la mpangilio wa picha kwa nakala ya mchoro wa kalamu uliochorwa Ulaya karne nyingi zilizopita: kijana wa hadithi za Wagiriki aliyezoea kuvuka bahari kwa kuogelea ili amwone mpenziwe. Wanawake wa majini wamembeba. Nilishika penseli nyekundu na rula, nikaunganisha vichwa vyao, magoti yao, na mkono wa kijana unaoning'inia. Pembetatu safi! Nikajipongeza, nikauacha mchoro mezani.

Mama alikuwa kwangu Nyamasaria tangu ndugu yangu mdogo azame Asembo Bay. Ziwa halikumrudisha. Wazee walitaka tuzike yago, lile tunda refu, zito, ambalo kwetu huzikwa badala ya mtu asiyepatikana. Mama alikataa katakata. Mimi ndiye niliyetumwa nimlainishe, na miezi minne ilikuwa imepita sijafungua mdomo.

Asubuhi hiyo nilimkuta ameinamia meza, miwani puani.

"Nyathina, mwanangu, huyu mtu amekufa maji," akasema. "Mbona umemkata na hii penseli?"

Nikatazama. Mungu wangu! Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, nywele zimemganda shingoni. Mstari wangu umempita kifuani. Mwalimu mzima, nilikuwa nimempima mfa maji kwa rula, na ndugu yangu mwenyewe yumo ziwani. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Wanampeleka wapi?" mama akauliza.

Nilimwonyesha kwa kidole. Mikono yote, macho yote, hata mawimbi, yameelekea kona ya kushoto, penye ufuo.

"Nchi kavu, Mama. Kwao."

Aliufuata kwa kidole ule mkono unaoning'inia.

"Yago haina mkono," akasema. "Haina uso. Mimi nitalilia nini?" Kisha akaukunja mchoro. "Ambia wazee nimekubali. Lakini picha hii itaingia pamoja nayo."

Jumamosi tuliilaza yago kaburini, imevikwa shati la ndugu yangu. Mama akaukunjua mchoro, akauweka juu ya shati, uso wa kijana ukitazama mbinguni. Sikuwa nimefuta penseli. Udongo ulipoanza kuanguka, kitu cha mwisho nilichokiona kilikuwa ile pembetatu yangu.