Ngumi za Kupukuchua Mahindi

Mwezi uliopita nilinunua begi la ngumi katika duka moja mjini Migori. Daktari wangu, kijana mwenye adabu ambaye hawezi kumwambia mwanamke wa rika langu kwamba amenenepa, alisema tu kuwa mwili wangu "unahitaji shughuli". Muuzaji alinitazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Ni ya kijana wako, mama?"

Nikamwambia ni yangu. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepashwa habari za msiba. Nilipofika nyumbani na kuikata ile nailoni, harufu ya reksini, ile ngozi bandia, ilinipanda puani, nikajikuta nimeketi sakafuni. Harufu hiyo niliwahi kuinusa zamani, ila mara ya kwanza ilikuwa imechanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Uriri, mimi na wazazi wangu na wadogo zangu wawili, wasichana watupu. Baba alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi. Pale, msomaji wangu, bei ikishapatana, dalali alishika kiganja cha kulia cha muuzaji na cha mnunuzi, akavikutanisha, kisha akavipiga kofi kwa mkono wake mwenyewe wa kulia. Kofi likishalia, ng'ombe amehama boma, na hakuna wa kurudi nyuma. Kofi la Baba lilisikika hadi kwa wauza chai.

Kisha kiharusi kikampiga. Alitoka hospitalini akitembea vizuri na kusema vizuri, lakini mkono wa kulia ulining'inia kama mkono wa koti lisilo na mtu. Alipewa mpira mdogo auminye asubuhi na jioni. "Mimi si mtoto wa nasari," alisema, na mpira ukaishia kwa wadogo zangu.

Akarudi Ogwedhi hivyo hivyo. Siku hiyo alimpatanisha muuzaji na Mzee Mwita, mnunuzi Mkuria aliyefanya naye biashara kwa miaka mingi, na ilipofika wakati wa kufunga, akainua mkono wa kushoto. Mzee Mwita aliuvuta wake haraka.

"Unaniuzia ng'ombe ama unanitukana?"

Hakuwa mtu mbaya. Katika nchi yetu mkono wa kushoto haupokei zawadi wala haumsalimu mtu, sembuse kumkabidhi fahali. Baba alirudi nyumbani, akaichomeka fimbo yake ya soko juu kwenye paa, na tangu siku hiyo akawa wa kukaa kwenye kigoda akiwatazama kuku. Dalali asiye na kofi ni mpita njia tu. Hata mimi nilijua kwamba kama mkono ule haungeinuka, Baba tuliyemfahamu hangerudi.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mipango mirefu. Baba alimwita Nyar Kanyada, binti wa Kanyada, kwa kuwa alizaliwa huko karibu na Homa Bay. Kila alipoenda Homa Bay kununua omena za kuuza, aliniachia nyumba. Safari moja baada ya hayo akanichukua. Tulipomaliza kufunga gunia, akanivuta hadi upande wa mitumba, na hapo, kati ya makoti mawili ya baridi ambayo sijui nani angeyavaa kando ya ziwa, lilining'inia begi jeusi la ngumi. Lilikuwa tupu, limenywea kama ng'ombe wa kiangazi.

Mama akaliminya, akalinusa, akazikagua nyuzi zake moja moja kama anayechagua samaki.

"Mama, hiyo ni ya wanaume wa mazoezi," muuzaji alisema.

"Mwanamume wangu ni huyu," akajibu, akinisukuma mbele.

Yule bwana akacheka, akataja bei. Mama hakubishana. Alirudi hatua moja, akakunja ngumi, akalipiga begi kwa nguvu zote za mwanamke anayebeba magunia. Mshono wa pembeni ukaachia.

"Angalia. Limeshapasuka."

"Lakini si wewe umepasua!"

"Na kama mimi mama mzee nimelipasua, vijana watalifanya nini?"

Bei ikashuka. Mshono ule aliushona mwenyewe kwa sindano ya magunia, na tukarudi Uriri begi likiwa limekunjwa juu ya omena.

Baba alilitazama kutoka kigodani. "Sasa hii ni nini?"

"Begi la ngumi. La Akinyi. Anapigwa shuleni kila siku."

Nilifumbua mdomo. Ukweli ni kwamba shuleni mpigaji nilikuwa mimi. Lakini Mama, Msabato asiyedanganya hata kuhusu umri wa kuku anayemuuza, alinipa lile jicho lake, nami nikaufumba tena.

"Msichana na ngumi?" Baba akauliza.

"Wewe unaona mvulana wapi katika boma hili? Ulicheza ndondi ukiwa kibarua Kisumu. Mfundishe."

Kwanza tulilijaza mchanga. Likawa zito kiasi kwamba boriti ya kibaraza cha jikoni tulipolitundika ililia, na ngumi yangu ya kwanza ikanivimbisha mkono kwa siku tatu. Mama akaumwaga mchanga wote. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka, yakingoja kupukuchuliwa, na kwetu kazi hiyo hufanywa kwa kuyatia guniani pamoja na magunzi yake na kuyapiga kwa fimbo. Mama hakuona kwa nini fimbo isiwe ngumi. Alilijaza begi mahindi, akalizungushia blanketi kuukuu kwa ndani, akatufunga mikono kwa vitambaa, mimi na Baba.

Ndivyo nilivyokuwa bondia. Baba alinionyesha jinsi ya kusimama na jinsi ya kurusha ngumi ya kushoto. Siku ya nne nikamuuliza, "Na ya kulia inakuwaje?"

Alijipanga mbele ya begi. Kisha akautupa mkono ule kutoka begani, kama mtu anayetupa taulo lililolowa. Begi halikutikisika hata kidogo.

"Hiyo hata nzi hangeruka," nikamwambia.

Jikoni, mwiko wa Mama ulisimama ndani ya sufuria. Ndipo Baba akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta. Tangu atoke hospitalini hatukuwa tumemsikia akicheka. "Haya, mwalimu," akasema. "Nifundishe."

Nikamfundisha bila huruma. "Nyoosha mkono, Baba! Unabembeleza mtoto?" Kila jioni Mama alifungua kamba ya chini na kumimina punje mkekani. Zilizotoka kwa ngumi za Baba zilikuwa za kujaza kikombe, kisha bakuli, kisha nusu debe. Majirani waliopita na kusikia ule mshindo waliita, "Min Akinyi, mnajenga?" Naye Mama Akinyi akawajibu ukweli mtupu: "Tunapukuchua mahindi." Mahindi yetu yalipokwisha, akaenda kuwaomba yao. Wakaleta, wakidhani wamepata wajinga.

Asubuhi moja Baba alipanda kwenye kigoda na kuishusha fimbo kutoka paani. Kwa mkono wa kulia.

"Mwalimu, twende."

Kule Ogwedhi alimkuta Mzee Mwita akimzunguka fahali mweusi wa kijana mmoja Mmaasai. Wakavutana, wakaachana, wakarudiana, hadi bei ikakubalika. Baba akavishika viganja vyao kwa kushoto, akavikutanisha. Watu wakakaribia, kila mmoja sokoni alijua habari ya lile kofi. Niliona Mzee Mwita anautazama ule mkono wa kulia. Ulipanda polepole kama ndoo inayovutwa kisimani, ukafika usawa wa sikio, ukasimama.

Ukashuka.

"Yawa!" mtu akapiga kelele. Mzee Mwita alikuwa anakipepea kiganja chake hewani. "Wewe! Ulikuwa umeenda kuumwa ama kufundishwa uhunzi?" Kisha akamkumbatia Baba mbele ya fahali, na wauza chai wakaacha birika zao kuja kuuliza kofi limelilia ng'ombe gani.

Hadi chuo kikuu nilijigamba kwamba baba yangu alinifundisha ngumi ili nijilinde. Ilinibidi niolewe, nimwone mume wangu akificha dawa zake za presha chini ya godoro, ndipo nikaelewa lile begi lilikuwa la nani. Basi nilipoenda Uriri nikamuuliza Baba, mzee sasa, kama alijua Mama alikuwa akimzunguka.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Wiki hiyo mwalimu wenu alikuwa amekuja hapa kushtaki kwamba unawapiga wenzako."

"Mbona basi ulikubali?"

Akanitazama kana kwamba elimu yote ile ilipotea bure. "Nyar Kanyada amelibeba begi kutoka Homa Bay mpaka hapa. Ningeanzia wapi kumwambia hajui kudanganya?"

Kumbe walikuwa watu wawili wazima wakidanganyana kwa hiari, kila mmoja akilinda heshima ya mwenzake, na kati yao mtoto wa miaka kumi akifoka, "Nyoosha mkono, Baba!", akiamini kwamba bingwa wa nyumba ile ni yeye.