Cornelia wa Maabara na Goti la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, nasema mapema ili msije mkanishangaa huko mbele. Nakaanga maandazi hapa Chanji, Sumbawanga, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba cha Cornelia. Kwa hiyo mambo yake sikuyasikia kwa watu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine aliniambia mwenyewe tukiwa tunapeta ulezi, na kila tukiyarudia tunafika pale pale tunakwama.

Cornelia, au Mama Flavian kwa jina la mwanawe, ni mjane. Anafanya usafi katika maabara ya kituo kimoja cha afya hapa mjini: anapiga deki, anaosha vioo vya kupimia, anamwaga vikopo vya makohozi ya wagonjwa wa kifua vikishalowekwa dawa. Zamani alilima na mumewe kule Malangali. Mume alipofariki akahamia huku, na akahama na mama mkwe wake, Bibi Valeria. Wako wanawake ambao wangemwacha kizee kwa ndugu zake wakasahau hata njia ya kwenda kumsalimia. Cornelia hakumwacha. Wanagombana kila siku, leo chumvi, kesho dirisha, lakini uji ukiiva bakuli la kwanza ni la bibi.

Shida ya Cornelia ni vidole. Anayeijua baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita hahitaji kuelezwa. Maji ya bomba asubuhi ni adhabu, na yeye kazi yake yote iko ndani ya maji. Viungo vya vidole vinamvimba na kukakamaa, anashindwa hata kufunga vifungo vya sweta lake. Mara nyingi nilimfungia mimi, huku namsema kwamba atafute kazi nyingine.

Pale maabara yuko kijana anaitwa Meshack, mpimaji, mpole mpaka anaudhi. Wimbo wake ni mmoja. "Mama Flavian, hiyo ni sumu. Na hiyo nayo. Na ile pale usiisogelee." Cornelia alinisimulia akicheka. Alimjibu, "Sasa mwanangu, kama kila kitu humu ni sumu, sisi tunaponaje?" Rangi nyekundu ya kupaka kwenye vioo aliambiwa ni sumu, akajimwagia kwa bahati mbaya, akatembea na kidole chekundu wiki nzima, hakufa. Basi maonyo yakawa kama redio ya jirani, unaisikia bila kuisikiliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kati ya hizo sumu kulikuwa na moja iitwayo fenoli. Inakuja ikiwa chembe nyeupe, Meshack anaiyeyusha katika maji, na maji hayo ndiyo yanayoua vijidudu kwenye vikopo vya makohozi. Chupa yake imechorwa fuvu la kichwa. Kwa harufu, Cornelia anasema, inakumbusha sabuni ya hospitali za zamani, utamu kidogo na lami kidogo. Aliipenda. Kwake yeye hiyo ndiyo harufu ya usafi, na kitu kinachonukia usafi utakiogopaje?

Meshack alimpa glavu nene, aproni na miwani ya kukinga macho. Glavu zile na vidole vilivyokakamaa havikupatana. Alishaangusha vikopo na kuvunja vioo. Asubuhi moja ya baridi kali, Meshack akiwa chumba cha pili, Cornelia akazivua, akaingiza mikono mitupu kwenye ndoo ya vikopo.

Alisubiri kuungua. Ilimchoma kidogo tu, kisha ikaacha. Mikono ikawa myeupe kama ya mtu aliyetoka kukanda unga. Halafu, na hapa ndipo anaponiangalia usoni kila akisimulia, maumivu yakaondoka. Yote. Maumivu ya miaka. Mchana alifunga vifungo vya sweta mwenyewe.

Jioni ile nilikuwepo. Maharage yalikuwa yanachemka, Cornelia akainama akaliondoa sufuria jikoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akalitua chini taratibu. Nilipiga kelele. Yeye alicheka akanionyesha viganja. "Nimepona, Mama Herieth. Nakwambia nimepona!" Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Sufuria lile mimi nisingeligusa.

Sasa Bibi Valeria alikuwa na goti. Goti hilo lilimfunga ndani tangu mwaka jana, na kilichomliza si goti lenyewe bali sikukuu ya Ekaristi, kwa sababu tangu usichana wake hakuwahi kukosa maandamano yake. "Nikikosa na mwaka huu," alisema, "basi nihesabuni nimeshakufa." Cornelia alisikia hayo asubuhi na jioni. Akachota ile dawa kwenye chupa ndogo, akaileta nyumbani ndani ya mkoba. Akalowesha kipande cha kitenge, akalifunga goti la mama mkwe, na juu yake akafunga nailoni ili isikauke. Mimi niliomba kidogo kwa ajili ya kiuno changu. Akaninyima! "Ni kidogo, ni ya mama." Nilinuna siku hiyo nzima, na leo nikikumbuka nilivyonuna nashindwa kujua nicheke au nisali.

Bibi alitembea. Hili naapa. Siku ya maandamano alishika mkono wa Cornelia, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatembea mpaka altare ya kwanza iliyopambwa njiani, akaimba kwa sauti kuliko vijana wa kwaya. Watu walimpongeza, naye akajibu kwamba amepata mkwe, wengine wamepata wake wa watoto wao tu. Cornelia alilia kwa furaha. Waliporudi akalifunga goti upya, dawa mbichi.

Kesho yake bibi alianza kupotea. Alimwita Cornelia kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akauliza kama ng'ombe wamerudi, na hatuna ng'ombe. Jasho lilimtoka na baridi yote ile, na kila akiinua kichwa alisema nyumba inazunguka. Tukasema malaria. Halafu Cornelia akaniita nione chombo cha haja ndogo: mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala, na ukiuinamisha kwenye mwanga una ukijani. Nimezaa, nimeuguza, nimezika, mkojo wa namna ile sijawahi kuuona.

Tulimkagua mwili mzima tukitafuta kinachouma. Tukabonyeza tumbo, tukabonyeza mgongo. Tukabonyeza na goti juu ya kitambaa. "Hapo ndipo pazima," bibi akasema, "hapo pekee." Basi goti tukaliacha. Mtu ana mwili mzima wa kuutilia shaka, utaanzaje na mahali palipopona? Kichwa kilinivurugika, nikamfokea Cornelia bila sababu, naye akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mwishoni akatia mkojo kwenye kikopo akaupeleka kwa Meshack, aupime.

Meshack hakuupima. Aliuinua dirishani, akautazama, akauliza, "Huyu bibi amekunywa nini? Au amepakwa nini?" Cornelia akasema hajui. Kijana akageuka, na kwa mara ya kwanza akaiangalia mikono iliyomshikia kikopo. Ncha za vidole zilikuwa zinabanduka, za kahawia, kama ganda la karanga.

"Mama Flavian. Hii mikono imekuwaje?"

Cornelia aliniambia kwamba neno "sabuni" lilikuwa tayari mdomoni. Sabuni ya unga, ungeulizwa nini tena? Kazi ingebaki, heshima ingebaki. Lakini alikuwa haelewi. Kama dawa ile imeponya, kwa nini Meshack ametoa macho vile? Na kama ni sumu, mbona hakuna anayelia? Katika kutoelewa huko ndipo akasema, "Nimemfunga nayo goti, mwanangu. Mpaka sasa hivi iko kwenye goti."

Walikuja na bodaboda moja wote wawili. Meshack alivaa glavu zake nene, akakikata kitambaa kwa mkasi akakitupa ndani ya mfuko akaufunga. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Chini ya kitambaa goti lilikuwa jeupe katikati kama kiazi kilichochemshwa, na pembeni la kahawia. Akaanza kumwagia maji. "Leteni maji! Mengi, ndoo kwa ndoo. Maji kidogo yanaisambaza tu." Nilikimbia bombani mpaka nikavua viatu. Bibi alilalamika kwamba tunamgandisha miguu. Muundi uliisikia baridi, wayo uliisikia. Goti lilikaa kimya.

Tukampeleka hospitali, akalazwa, akatundikiwa dripu. Tukiwa kwenye benchi nje ya wodi Meshack akajaribu kutuelewesha. Fenoli, alisema, haiponyi maumivu. Inaua kwanza mishipa inayopeleka habari za maumivu, kisha inaendelea kula nyama na kupenya mpaka kwenye damu na figo, na mwenye mwili hana habari. Mimi nikasema, ni sawa na mwizi anayemtupia mbwa nyama kabla ya kuruka ukuta. Akasema ndivyo hasa. Nilifurahi kwamba nimeelewa, halafu Cornelia akauliza swali lake.

"Lakini alitembea. Si alitembea?"

Meshack akavua miwani, akaifuta. "Alitembea, ndiyo," akasema.

Akili ya bibi ilirudi, na mkojo ukarudi rangi yake. Goti ndilo likawa kesi. Ngozi ilitoka yote, na daktari alisema wazi kwamba kama nyama imekufa mpaka kwenye kiungo, mguu hautabaki. Kila muuguzi alipokuja kusafisha kidonda, Bibi Valeria alimsimulia habari za Malangali, akimuuliza ukoo wake na bei ya mahindi, huku anakwanguliwa. Hakukunja hata uso. Cornelia alisimama mlangoni akiwa ameshikilia fremu, na kila bibi alipocheka, yeye alifumba macho. Nimewahi kuona watu wakiomba Mungu awaondolee mgonjwa wao maumivu. Yeye alisali kinyume. Alikuwa anaona haya kuisema sala hiyo kwa sauti, akaniambia mimi tu.

Asubuhi moja muuguzi aligusa ukingo wa kidonda kwa pamba. Bibi akaruka. "Uuwii! Unaniua, we binti!"

Muuguzi akatabasamu. Akagusa tena, pembeni kidogo, na bibi akamtukana tusi ambalo sikujua kwamba analijua mtu wa sakramenti. Daktari akaitwa, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mguu upo. Cornelia alipiga magoti pale pale sakafuni akapiga makofi taratibu, kama wanavyowasalimu wakubwa kwao. Alilia, nikalia na mimi, na bibi akatukodolea macho.

"Nasema ninaumwa," akasema, "na ninyi mnashangilia. Nimewakosea nini?"

Kazini Cornelia alipewa onyo na kabati la fenoli likatiwa kufuli. Meshack alimtafutia glavu laini zaidi, na ndoo ile sasa anaimwaga yeye mwenyewe. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakijarudiwa na hisia hadi leo. Sufuria anashika kwa kitambaa, na uji wa bibi anaupima joto kwa kuuweka shavuni.

Bibi karudi nyumbani na kovu, na goti lake lile lile la zamani, maumivu yale yale. Jioni moja nilikuwepo, tunaota moto, upepo unapiga mabati. Bibi akamvuta Cornelia kwa kitenge, akamnong'oneza kwa sauti ya mtu mwenye aibu.

"Mwanangu, ile dawa. Hivi haikubaki hata kidogo?"

Nilidhani Cornelia atafoka. Mimi ningefoka. Lakini alitazama vidole vyake vilivyovimba kwa baridi, na machozi yakamtoka, kwa sababu kila asubuhi akifungua bomba hujiuliza swali hilo hilo.