Kisanduku cha Jina

Mtengeneza fomu wa hospitali, zile za kompyuta ambazo wauguzi huripotia ajali, huzijaribu akiwa amesimama, kwa kidole kimoja, kama mtu aliyemaliza zamu na miguu inamuuma. Akikwama hujisema mwenyewe: "Hapa umewachosha watu, mzee." Kabla ya kushika kipanya hupangusa vidole kwenye suruali.

Nilimwendea baada ya kumzika mama, aliyeanguka wodini kwa sababu kizuizi cha kitanda kilikuwa kimelegea. Nilisikia anataka kuondoa kisanduku cha "Jina la aliyekosea", nami nilikuja kukitetea. Hakubishana. Alinionyesha ripoti tatu za kitanda kilekile, zilizoanzwa kabla mama hajalazwa. Zote ziliishia kwenye kisanduku hicho, na fomu haitumwi kikiwa kitupu. "Waliogopa kumchongea mwenzao, dada," alisema polepole. Nililia. Yeye alipangusa vidole, akapangusa tena, lakini kipanya hakukigusa. Mwishowe nikasema, "Kifute, kaka." Akanisogezea kiti. "Kifute wewe." Nikalitaja jina la Mungu, nikabonyeza.