Gaudiosa Hataki Matuta

Mke wangu Gaudiosa hapigi kelele. Akikataa jambo, anaketi tu. Ndivyo alivyofanya mwezi Machi katika ofisi moja ya serikali mjini Mbinga, tulipoambiwa kwamba shamba letu la Kitura ni pori, kwa hiyo hatutapata mbolea ya ruzuku.

"Nani kaliona pori?"

"Akili mnemba, mama," alijibu Goodluck, kijana wa ofisini aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida. "Kompyuta inasoma picha zilizopigwa kutoka angani. Ikiona matuta, inajua ni shamba. Kwenu imeona nyasi."

Nyasi hizo nilizilaza mimi. Mlimani kwetu tunalima ngolo: mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo. Yanabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua. Kabla hajafukia, ni kweli, ukiwa juu utaona nyasi tu.

Goodluck hakuwa mtu mbaya. "Hata mimi sina pa kubonyeza kuibishia," alisema. "Lakini chimbeni matuta, mama. Picha ijayo itawaona."

"Umewahi kupanda kule kwetu?"

"Bado."

"Nikichimba matuta kwenye ule mteremko, mvua moja tu udongo wangu wote uko Ziwa Nyasa. Nikalime na samaki?"

Foleni nzima ilicheka. Goodluck naye alicheka, kisha akatusogezea karatasi: tukubali kuwa ni pori, msimu ujao tuandikishwe kama wakulima wapya. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Gaudiosa aliitoa mkononi mwangu, akairudisha mezani.

"Bibi yangu alilima pale. Leo niandikwe mgeni? Siweki sahihi, mwanangu. Huyo anayeangalia kutoka juu, mwambie ashuke."

"Hashuki, mama."

"Basi nami siinuki."

Tulikaa mpaka ofisi ikafungwa. Mbolea hatukupata.

"Sasa mahindi tutayalisha nini?" nilimuuliza njiani.

"Nguruwe hujawaona? Samadi ipo."

Asubuhi alinipa fyekeo. Tuna shamba jingine, la chini, ambalo tulikusudia kulipumzisha mwaka huu.

"Kafyeke na lile," alisema. "Wanataka pori? Waone pori kubwa."

Sasa maharage, ambayo kwetu hutangulia mahindi, yametoa maua kote, juu na chini. Juzi Goodluck alituma ujumbe: kompyuta bado inasema pori. Gaudiosa aliusoma, akanirudishia simu, akaendelea kupalilia.