Jiwe Nililolianika Juu ya Bati

Nikisikia harufu ya mchanga uliolowa, narudi chumbani kwa mama, mjini Katesh, mwaka nilipokuwa darasa la saba. Chini ya kitanda chake kulikuwa na beseni la mchanga mbichi, na ndani yake mawe ya opali yamefukiwa kama viazi. Opali likitoka ardhini lina maji ndani yake, na likikaushwa haraka linapasuka. Ndiyo maana mama aliyaacha yakauke polepole, miezi mitatu, kabla ya kuyapiga msasa na kuyafunga kwa waya wa shaba yawe vidani na hereni. Aliyetuletea alikuwa Udagwenga, mama wa Kidatoga kutoka upande wa Gehandu. Alichimba kwa sururu huku akichunga mbuzi, na mjini kwetu hakukuwa na mwingine aliyenunua mawe yake ila mama. Alifika nayo ndani ya kidumu cha maji. "Mama Zuhura, nimekuletea samaki wako." Mama anauliza, "Wabichi?" Naye, "Bado wanaogelea."

Siku moja alileta jiwe la kijani, lenye weupe kama tone la maziwa kwenye maji. Zilibaki siku tisa mahafali yetu yafike. Mimi nilikuwa mtoto wa dawati la nyuma, asiyeitwa na mtu, na nikajiona nimelivaa, wasichana wote wamegeuka. Mama alipokwenda dukani nikalifukua, nikalianika juu ya bati la banda la kuku. Sikulisahau. Nilikaa nalo nikilitazama. Mchana nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi kwenye kikaango, na ufa ukatokea, mwembamba kama unywele. Nikalitia kwenye kikombe cha maji. Ufa ukafifia, usionekane kabisa. Nikalirudisha mchangani, nikamwomba Mungu auache hivyo hivyo.

Miezi mitatu ilipotimia, mama alilipiga msasa likaachana vipande viwili mkononi mwake. Udagwenga alipokuja tena, mama hakukipokea kidumu.

"Hili ulilikausha motoni, halafu ukalichovya maji unidanganye."

"Mimi? Tangu lini?" Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Akamtazama mama, akanitazama na mimi niliyekuwa mlangoni na ufagio. Nikaendelea kufagia pale pale palipokwisha kuwa safi. "Basi," akasema. Akamwaga maji ya kidumu uani, mawe akayafunga kwenye pindo la shuka lake, bila maji, akashika njia. Jua lilikuwa kali, na mimi nilijua yatafika kwake yakiwaje.

Sasa niko kidato cha tatu, na wakati wa likizo mimi ndiye ninayefunga mawe. Mama ananunua kwa watu wengine. Wateja hunisifu kwamba nina subira kuliko umri wangu, nami huinamisha uso, wakadhani ni haya tu. Mwezi uliopita nilimkuta Udagwenga mnadani, anauza mbuzi, mawe ameshaacha. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa. Mama yako bado ananiita mwongo?"

Zamani nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, na niliogopa fimbo. Pale mnadani hakukuwa na mtu wa kunichapa, na yeye alikuwa amesimama tu, anasubiri.

"Mama hajambo," nikajibu.