Mmea Uliokaa Mahali pa Mama

Kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, mama haketi chumba kimoja na mume wa binti yake, hata awe amesafiri kutoka mbali kiasi gani. Hupitia uani, hula jikoni, na bwana wa nyumba akitokea hugeuza uso. Ndiyo heshima yetu. Mama yangu hakuilalamikia, aliitafutia njia tu.

Nilipoolewa Kolwezi miaka ile ya Zaire, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, alikuja kwa treni kutoka Tenke na mmea ndani ya kopo la maziwa ya unga. Majani yake yalikuwa manene, marefu, yenye kingo za manjano. Alinikabidhi kwenye mlango wa nyuma.

"Mi siwezi kuikala mu salon na mukwe," aliniambia, akinyoosha kidole kuelekea sebuleni. "Hii maua njo itaikala pa fasi yangu."

Baadaye mume wangu akapandishwa cheo, na kichwa kikanivimba mimi. Wake za wakubwa wote walikuwa na ua moja sebuleni, la majani mapana yenye madoa meupe. Nikatafuta la kwangu. Sebule ilikuwa na dirisha moja na kigoda kimoja chini yake, kwa hiyo ilibidi nichague, na sikufikiri hata dakika. Mmea wa mama niliutoa nje, kando ya banda la kuku. Lile ua nikawa nalifuta vumbi la mgodi kwa bia, maana niliambiwa bia hung'arisha majani. Mume wangu alinung'unikia bia yake, kuhusu mmea wa mama hakuuliza. Wageni walisifu, nami nikajiona mtu.

Siku moja mama akaja bila taarifa, na karanga kwenye kikapu. Alipitia uani kama kawaida, akaliona kopo lake. Kuku walikuwa wameparua udongo, na jani moja limevunjika. Nikaanza kumweleza habari za mwanga wa dirishani, uongo mtupu, kwani mmea ule ungeishi hata kabatini.

"Acha tu, mama," alisema, akaketi kando ya kopo. "Mi niliwaza niko mu nyumba. Kumbe tuko bote huku."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Niliona haya hata kumpa maji ya kunawa. Siku tatu alizokaa alikula palepale, kopo likiwa karibu na mguu wake, na kila nilipotaka kulichukua alinikataza.

Alipopanda treni nililitoa lile ua la madoa, nikaweka mmea wake dirishani. Mwaka uliofuata alirudi, nikamwambia kabla hajatua kikapu kwamba mmea wake uko sebuleni. Ilikuwa kweli. Lakini heshima haikumruhusu kuingia ahakikishe, na mimi nilikuwa nimeshampa sababu ya kutoniamini.

"Eyo, mama," aliitika, kisha akatazama kando ya banda la kuku.